Kausha Kwanza, Ndipo Upashe: Mwongozo Kamili kwa Wenye Nyumba za Nyanda za Juu

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, Njombe mjini. Umejifunika mablanketi mawili, na tone la maji linakudondokea kwenye paji la uso. Mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa. Ukimulika tochi juu unaona bati lote limelowa kwa ndani, kama kifuniko cha sufuria ya wali.

Hivyo ndivyo nyumba yangu ya kwanza huku juu ilivyonikaribisha. Nami nikafanya lile kosa la kila mgeni: nikaziba matundu ya hewa kwa magunia, nikaingiza jiko la mkaa chumbani na birika juu yake. Kulipokucha kuta zilikuwa zinatiririka na kichwa kiliniuma siku nzima. Nilidhani ni malaria. Jirani, mzee wa Kibena aliyekuwa amejenga nyumba nyingi kuliko miaka yangu, akacheka: "Kijana, nyumba yako haina baridi. Ina maji."

Ilinichukua misimu miwili kumwelewa. Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba wa Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya au Lushoto, na hata wa Limuru na Kinangop kule Kenya, maana bati ni lilelile na kipupwe ni kilekile. Nyingi ya kazi hizi ni za jembe, nyundo na misumari. Bei sitaitaja, kwa sababu mbao ya Makete na mbao ya Mbeya hazifanani, na wewe fundi wako unamjua.

Kwa nini nyumba mbichi haipashiki

Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kitulo kunakoanguka sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, ni mita 2,600 na zaidi. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama sita. Hilo huwezi kulibadili. Unachoweza kukibadili ni maji yaliyomo ukutani, sakafuni na hewani.

Ukuta mkavu una vijitundu vingi vyenye hewa, na hewa iliyotulia ni blanketi. Ukuta ukilowa vijitundu vinajaa maji, na maji yanapitisha joto haraka mno kuliko hewa. Halafu maji hayo yanapokauka yanakula joto la chumba: kukausha lita moja tu kutoka ukutani kunahitaji joto la hita ya wati 1,000 iliyowaka dakika 40. Kwa hiyo anayepasha nyumba yenye unyevu anachemsha ukuta.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa 2018, linapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 kwenye maeneo ya baridi. Nyumba nyingi za huku hazifiki hapo usiku wa Julai. Na pale penye baridi na unyevu pamoja ndipo kuvu inapoota, pumu inapochachamaa, na watoto wanapokohoa mpaka Septemba.

Siku ya ukaguzi

Usinunue chochote bado. Chukua siku moja, ikiwezekana msimu wa mvua za masika, uizunguke nyumba yako kwa nje kama mtu anayetaka kuinunua na ana mashaka nayo.

Tazama wekundu wa udongo ukutani. Mstari ule unakuonyesha matone ya paa yanaruka mpaka wapi. Ukifika nusu mita, ujue kila mvua inapiga ukuta wako mara mbili: juu ikianguka, na chini ikirudi. Kisha linganisha sakafu ya ndani na ardhi ya nje. Nyumba za zamani mara nyingi zimezama. Mtu amefagia uwanja, akalundika udongo ukutani miaka ishirini, na sasa ardhi ya nje iko juu kuliko sebule.

Ingia ndani. Gusa ukuta kwa kiganja, usitumie vidole. Nusa nyuma ya kabati. Sogeza kitanda. Unga mweupe unaotoka ukutani ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini, na plasta inayovimba na kubanduka chini ya urefu wa mita moja ni alama ya ugonjwa huohuo. Madoa meusi ya duara kwenye pembe za juu za chumba ni habari nyingine: huo ni mvuke wa pumzi na mapishi uliogeuka maji kwenye sehemu ya baridi.

Ukiwa na wasiwasi, fanya jaribio la nailoni. Kata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani au sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, uache siku mbili. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani au ardhini. Yakionekana mbele, yanatoka kwenye hewa ya chumba. Jaribio hili halina gharama na litakuokoa usitibu ugonjwa usio wako. Nimeona watu wakibomoa plasta yote kumbe tatizo lilikuwa nguo zinazoanikwa chumbani.

Maji ya paa na ya uwanja

Anzia hapa hata kama una haraka ya joto. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita ishirini, na zote zinaangukia kwenye mstari mwembamba karibu na msingi wako.

Funga gata. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita tatu unatosha. Ukiinamisha zaidi gata linaonekana limepinda na maji yanaruka nje mwishoni. Vishikio viwe karibukaribu, kila sentimita 60 hadi 90, kwa sababu mvua yetu ni nzito na majani ya misindano yanajaza. Bomba la kushushia lipeleke maji kwenye tangi, au angalau mita tatu kutoka ukutani. Kumwaga maji ya gata kwenye kona ya nyumba ni kuyakusanya ili yakuharibie vizuri zaidi.

Kisha shika jembe. Ondoa udongo uliolundikana mpaka ardhi ya nje iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Inamisha uwanja uelekee nje: sentimita 5 ndani ya mita ya kwanza. Ukiweza, mwaga ukanda wa zege wenye upana wa sentimita 60 kuizunguka nyumba. Usipoweza, tandaza kokoto. Tone likiangukia kokoto halirushi matope kama linavyorusha kwenye udongo. Migomba na maua yaliyopandwa ukutani yahamishe. Najua mama mwenye nyumba atanuna.

Kama nyumba iko kwenye mteremko, na huku nani hayuko kwenye mteremko, chimba mfereji upande wa juu, nusu mita au zaidi kutoka kwenye msingi, kina cha sentimita 40 hadi 50. Usivuke kina cha msingi wenyewe; msingi wa mawe uliochimbuliwa ubavu unaweza kuhama. Jaza kokoto kubwa na uupe mfereji mdomo wa kutokea upande wa chini. Maji yanayoshuka kilimani chini ya ardhi yatapita humo badala ya kupita sebuleni.

Baada ya kazi hii, subiri. Ukuta mnene wa tofali za kuchoma huchukua miezi kukauka. Ukiona mstari wa unyevu unashuka polepole, umeshinda nusu ya vita kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji.

Maji yanayopanda kutoka chini

Anayejenga leo anaweka nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali, na nyingine chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Ni sehemu ndogo kabisa ya gharama ya nyumba, na ndiyo ya kwanza kurukwa fedha zikibana. Fundi akikuambia saruji inazuia maji, mwambie akupe ndoo ya saruji ya kutekea maji kesho. Zege linanyonya; linanyonya taratibu tu.

Kwa nyumba iliyokwisha simama, nailoni inaweza kuingizwa, ila ni kazi ya fundi mwenye subira. Anatoa tofali za mstari mmoja kwa kipande kisichozidi mita, anaingiza nailoni, anarudisha tofali kwa udongo wa saruji, anaacha siku kadhaa zikauke, kisha anaruka kwenda kipande kisichopakana na kile. Anayekata ukuta mzima kwa siku moja anatafuta ajali. Nyumba ya tofali zilizounganishwa kwa udongo mtupu usiifanyie hivi kabisa; tosheka na mfereji na kushusha ardhi ya nje.

Sakafu ya udongo au jamvi lililooza ni rahisi zaidi. Toa udongo, shindilia mawe sentimita 10 hadi 15, tandaza mchanga juu yake ili mawe yasitoboe, weka nailoni iliyopandana sentimita 20 kwenye maungio na kukunjwa kupanda ukutani, kisha mwaga zege la sentimita 8 hadi 10 kwa uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto. Limwagilie maji wiki nzima. Zulia la plastiki lisubiri mpaka zege likauke, na kukauka ni suala la miezi. Ukilitandika mapema utalifunua na kukuta bustani ya kuvu.

Plasta: pale tunapokosea wengi

Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa udongo unapumua. Maji yanaingia kidogo, yanatoka kidogo. Ukiupiga lipu nzito ya saruji, unauvisha koti la mvua lenye matundu: saruji ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake, inapasuka, maji yanaingia kwenye nyufa, halafu hayana njia ya kutokea. Kadhalika ule ukanda wa rangi ya mafuta tunaoupaka chini ya ukuta ili watoto wasichafue. Unazuia unyevu kutoka, nao unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana madoa yako yanaanza hasa pale rangi ya mafuta inapoishia.

Dawa ni chokaa. Chukua chokaa ya unga iliyokwisha zimwa, iloweke kwenye pipa angalau usiku kucha, ichanganye na mchanga safi: ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Bandua plasta yote iliyolegea mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu, futa vumbi, lowesha ukuta kidogo, piga tabaka la sentimita moja, acha lishike siku kadhaa, piga la pili. Likinge jua kali kwa magunia mabichi, kwa maana chokaa inayokauka haraka inageuka unga. Ikiwa ukuta umejengwa kwa saruji, mchanganyiko wa 1:1:6 wa saruji, chokaa na mchanga unafaa. Vaa glavu na linda macho, chokaa inaunguza.

Mafundi vijana watakuambia chokaa ni ya kizamani. Kweli ni ya kizamani. Katembee Mji Mkongwe wa Zanzibar uone kuta za mawe na chokaa ambazo zimesimama kwenye chumvi na unyevu tangu karne ya 19.

Dari, kazi yenye faida kuliko zote

Kama fedha zako zinatosha kazi moja tu baada ya gata, iwe hii. Hewa ya moto hupanda, na kwenye nyumba isiyo na dari inapanda mpaka kwenye bati, ambalo usiku wa anga safi hupoteza joto lake kwenda angani hadi likawa baridi kuliko hewa ya nje. Ndiyo siri ya tone lililonidondokea. Familia ya watu watano ikilala, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya lita moja ya maji mpaka asubuhi. Maji yale yalikuwa yangu mwenyewe.

Huku tuna bahati: msitu wa Sao Hill uko Mufindi, na mbao za paini ni rahisi kupatikana kuliko mahali popote nchini. Dari ya mbao nyembamba zilizochongwa kuingiliana inashinda singibodi na jipsamu kwa mambo mawili. Haiharibiki ikidondokewa na tone moja mbili, na inabeba uzito. Uzito utauhitaji, kwa sababu dari tupu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni blanketi la juu yake.

Anza na mbao za kubebea. Kwa dari tupu papi za 2x2 zinatosha, lakini ukitaka kuweka blanketi tumia 2x4, kila sentimita 60, zikiwa zimeshikwa vizuri na kenchi za paa. Mbao ziwe zimekauka na kupakwa dawa ya mchwa. Pigilia nailoni chini ya mbao hizo, ikipandana kwenye maungio, kisha dari chini yake. Nailoni hiyo inazuia mvuke wa chumba usipande kwenye bati. Ziba mzunguko wote dari inapokutana na ukuta. Upenyo wa kidole kimoja kuzunguka chumba kizima ni sawa na dirisha lililoachwa wazi.

Sasa blanketi. Sufi za viwandani zinauzwa mijini na zinafaa sana, ila si kila mfuko unazimudu. Ninachokipenda mimi ni pumba za mpunga, maganda matupu ambayo mashine za Mbarali na Usangu hulundika mpaka wanayachoma. Ganda la mpunga lina silika nyingi, halikubali kuoza kirahisi, na likishika moto linafuka polepole badala ya kulipuka. Yapepete mpaka chenga zote zitoke, la sivyo unawafungulia panya hoteli. Yaanike siku mbili tatu juani. Yajaze kwenye viroba kwa ulegevu, shona mdomo, vilaze juu ya dari vikibanana, unene wa sentimita 10. Mita moja ya mraba itakuwa na uzito wa kilo 10 hadi 15, ndiyo sababu nikasema 2x4, na ndiyo sababu usivilaze juu ya jipsamu. Maranda ya mbao nayo yanatunza joto lakini yanawaka haraka. Mimi siyaweki juu ya kichwa cha mtoto.

Kuna mambo matatu sitaki uyapuuze. Waya za umeme zipite ndani ya paipu na juu ya viroba, zisizikwe chini yake, na taa zilizochimbiwa darini ziachiwe nafasi wazi pande zote. Blanketi lisiguse bati. Acha angalau sentimita 5 za hewa, na matundu yenye wavu wa waya chini ya upenu ili unyevu wa darini upate kutoka na popo wasipate kuingia. Na povu jeupe lile la kufungashia televisheni, ukilitumia, lifunikwe kwa dari chini yake. Likiwaka wazi moshi wake unaua.

Ukiezua bati kwa sababu nyingine yoyote, tumia nafasi hiyo kutandaza karatasi ya kuzuia matone chini ya mabati mapya, ikiinama kuelekea kwenye gata.

Maji mnayoyatengeneza wenyewe

Birika lisilofunikwa, sufuria ya maharage saa tatu, maji ya kuoga, nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya korido: yote hayo yanaishia ukutani. Funika sufuria. Pikia penye dirisha wazi au jikoni kwa nje. Nguo zianikwe nje, na mvua ikizidi zianikwe kwenye kibanda chenye paa na kuta za mabanzi yaliyoachana.

Kufungua madirisha kwenye baridi kunaonekana ni wazimu, lakini sikiliza. Kipupwe chetu kina faida moja: mchana wa Julai mara nyingi jua linawaka na hewa ni kavu. Ukungu ukishainuka, kuanzia saa nne asubuhi, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, toa mablanketi na mito juani, acha upepo upite. Ifikapo saa kumi jioni funga kila kitu, kabla jua halijapoteza nguvu, ili ukuta ubaki na joto lililoingia. Anayefungua asubuhi na mapema na kufunga usiku anafanya kinyume.

Matundu ya hewa juu ya madirisha yaacheni. Yapigie wavu, yapunguze kama ni makubwa mno, lakini yasizibwe yote.

Chumba cha kulala kina sheria zake. Kitanda kikae sentimita 10 kutoka kwenye ukuta wa nje, kabati vilevile. Godoro lisilale sakafuni. Joto la mwili linasukuma jasho chini, sakafu baridi inaligeuza maji, na baada ya mwezi godoro lina madoa meusi upande wa chini. Hata paleti za mbao za kubebea mizigo zinatosha kuliinua.

Mianya na jua

Mlango wa nje ndio mwizi mkubwa. Pigilia ubao chini yake ufunge upenyo, au kunja blanketi kuukuu. Fremu za aluminiamu zinazoteleza zina nafasi kwenye reli. Vipande vya sponji vya kubandika vinasaidia. Pazia zito linalofika chini linazuia baridi ya kioo, na shata za mbao kwa ndani zinashinda pazia. Mababu walijua: nyumba za zamani za huku zilikuwa na vidirisha vidogo vya mbao, tukazicheka, tukaweka vioo ukuta mzima.

Kuhusu jua, kumbuka kwamba mwezi wa Juni na Julai linapita upande wetu wa kaskazini. Anayeongeza chumba au kutoboa dirisha alitoboe huko. Mti wenye kivuli kizito upande wa kaskazini upunguzwe matawi. Ukuta wa magharibi unanyonya jua la alasiri na kulitoa usiku, hivyo chumba cha watoto na wazee kiwe upande huo kama una hiari.

Moto

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Mkaa ulioiva, mwekundu, usio na moshi, ule tunaouona ni salama, ndio unaotoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi mzito, na aliyelala haamki. Kila kipupwe redio inatangaza familia iliyokutwa asubuhi imekufa, na watu wanasema ni uchawi. "Niliacha dirisha wazi kidogo" si kinga ya kutegemea. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, kisha hospitali haraka, na mwambie daktari kwamba kulikuwa na jiko. Bila kuambiwa anaweza kutibu malaria kama nilivyojitibu mimi.

Hita ya gesi isiyo na bomba ina tatizo jingine zaidi ya hilo: kila kilo ya gesi ikiungua inaacha zaidi ya lita moja na nusu ya maji hewani.

Moto unaofaa ndani ya nyumba ni ule wenye bomba la moshi. Jiko la kuni la chuma au la tofali, mlango unaofungwa, bomba la inchi nne hadi sita linalopanda wima bila kona nyingi na kutokeza juu ya kofia ya paa kwa nusu mita au zaidi, ili upepo usirudishe moshi. Linapopita darini na kwenye bati lisiguse mbao wala viroba. Jenga boksi la bati kulizunguka lenye nafasi wazi. Safisha masizi kabla ya kila kipupwe. Kuni zikauke mwaka mzima chini ya banda, kwa kuwa kuni mbichi inatumia joto lake kujikausha yenyewe.

Umeme ni msafi lakini piga hesabu: hita ya wati 2,000 kwa saa tano kila usiku ni yuniti 300 kwa mwezi. Chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi, ikiwekwa kitandani nusu saa kabla ya kulala, itampasha mtoto kwa gharama ya birika moja.

Kuvu iliyokwisha kuota

Usiisugue ikiwa kavu. Unaipeperusha chumba kizima. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, toa watoto na wenye pumu. Osha kwa maji ya sabuni na kitambaa, suuza, kausha kabisa. Kwenye vigae na saruji laini unaweza kumalizia kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, na kamwe usiichanganye na dawa nyingine ya choo, kwani mvuke wake unaunguza mapafu. Singibodi iliyooza itupwe. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kumnunulia kuvu nguo mpya. Ukishakausha chanzo, paka chokaa nyeupe. Inapumua na kuvu haiipendi.

Uifanye lini

Kazi ya jembe na gata iishe kabla ya mvua za Novemba. Wakati wa masika kagua, weka alama kwa penseli mahali unyevu unapofikia ukutani na uandike tarehe. Chokaa ipigwe Mei, mvua zikikoma na kabla baridi haijakaza, isije sakitu ikaikuta mbichi. Dari na viroba vifuate mwezi uleule, pumba zikiwa bado zinapatikana mashineni. Bomba la moshi lisafishwe mwanzoni mwa Juni. Julai, saa kumi na moja alfajiri, mulika tochi darini. Panda ngazi Oktoba utoe majani kwenye gata, na ulinganishe ukuta na ile alama ya penseli.